Tunachokoa Sikio Zima, Bovu Tunaliacha

Ilikuwa asubuhi ya mvua katika steji ya bodaboda ya Ntimaru, kaunti ya Migori. Nilikuwa nimejikinga kwenye kibaraza cha duka, nikimtazama kijana aliyeegemea pikipiki yake. Alichomoa ufunguo, akaupangusa kwenye suruali, akauingiza sikioni. Alifumba jicho moja. Akauzungusha polepole, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya betri, hadi alipopafikia alipopataka, na midomo ikamlegea kwa raha. Alipoutoa aliikagua ncha, akaridhika na alichokiona, akaufuta palepale kwenye suruali. Mvua ilipokatika aliuchomeka tena kwenye pikipiki, akampakia abiria wa Kegonga, akaenda zake.

Aliporudi nilimuuliza kama haogopi kujitoboa. Alicheka. "Mzee, sikio lisipochokolewa linaziba. Kwani wewe hutumia nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nyumbani kwangu, bafuni, kuna mkebe wa vijiti vya pamba, na kila nikitoka kuoga mkono huuendea wenyewe. Tofauti ya kijana yule na mimi ni bei ya chombo tu.

Kwenye benchi la kibaraza hichohicho alikuwa ameketi mama mmoja na mwanawe wa miaka kama saba, amevaa sare ya shule. Sikio la kushoto la mtoto lilikuwa limezibwa kwa pamba iliyogeuka manjano pembezoni. Ukimkaribia, ulipata harufu. Nilimuuliza mama, kwa sauti ya chini, mtoto anaumwa nini.

"Ni masikio tu, mzee. Yalimwanza akiwa bado ananyonya. Wanasema yatakauka akikua."

Nimekaa na mambo hayo mawili kwa wiki kadhaa. Sikio zima la mtu mzima linahangaishwa kila siku kwa ufunguo, na sikio linalooza la mtoto limepewa pamba na subira. Maoni yangu ni kwamba juhudi zetu tumezielekeza kwenye sikio lisilo lenyewe. Tunalisafisha lisilotaka kusafishwa, na lile linalohitaji mkono wetu tunaliachia wakati. Kosa hilo si la Ntimaru peke yake, ila Ntimaru, mbali na miji mikubwa na jirani na mpaka wa Tanzania, ndipo mtu huona upesi linamgharimu nani.

Simcheki mwenye ufunguo. Wengi wetu tulizoezwa kuchokolewa masikio tukiwa tumelaza kichwa mapajani mwa mama, jua la Jumamosi jioni likimulika sikioni ili aone vizuri, naye ameshika kibanio cha nywele au njiti ya kiberiti iliyoviringishiwa pamba. Wengine walipitishiwa unyoya wa kuku, ukiwatekenya mpaka machozi. Jumatatu gwarideni mwalimu alikagua kucha, kola na masikio, na mtoto aliyekutwa na nta alimwaibisha mama yake mbele ya shule nzima. Tukakua tukiamini kwamba kile kitu cha rangi ya asali ni uchafu, ndugu wa tope la kwenye kisigino.

Nta ya sikio ni kinga. Hutengenezwa na tezi ndogo zilizo katika theluthi ya nje ya njia ya sikio, njia ambayo kwa mtu mzima ina urefu wa sentimita 2.5 hivi kabla ya kufika kwenye kiwambo. Mafuta yake huzuia maji kulowesha ngozi. Asidi yake kidogo huwanyima raha bakteria na kuvu. Unato wake hunasa vumbi na wadudu kabla hawajafika mbali. Mtu anayeshinda juu ya pikipiki kwenye barabara ya vumbi kutoka asubuhi hadi jioni ndiye anayeihitaji kuliko wote, na ndiye niliyemwona akiikwangua na kuipaka kwenye suruali.

Tena sikio lina mfagizi wake. Ngozi ya ndani ya sikio husafiri. Huanzia kwenye kiwambo na kusogea kuelekea nje, kwa mwendo unaokaribiana na wa kucha inavyoota, ikibeba nta kuukuu, vumbi na ngozi iliyokufa. Kila unapotafuna ugali, kupiga miayo au kubishana kuhusu siasa za kaunti, taya linausukuma mzigo huo hatua moja. Ukifika mlangoni hukauka na kudondoka, au unaupangusa kwa kitambaa unapooga. Hakuna kazi nyingine iliyobaki.

Kijiti huingia kinyume cha msafara huo. Kinatoka na nta kidogo kwenye ncha, nasi tunaitazama kama ushahidi kwamba tumefanya kazi nzuri. Nyingi zaidi tumeisukuma ndani, karibu na kiwambo, mahali ambapo haikutengenezwa ikae. Baada ya miezi ya kushindiliwa hivyo, sikio huziba kweli, na mwenye nalo huongeza bidii ya kuchokoa. Ngozi iliyokwanguliwa mafuta nayo hukauka na kuwasha, na mwasho hudai ufunguo. Raha aliyoipata kijana wa steji ilikuwa tiba ya ugonjwa anaojipa mwenyewe kila siku.

Vijiti hivi vya dukani vina historia fupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1923, Mmarekani mzaliwa wa Poland aitwaye Leo Gerstenzang alimwona mkewe akiviringisha pamba kwenye kijiti cha kuchokolea meno ili amsafishe mtoto wao, akaona biashara. Vijiti vyake vilianza kwa jina la Baby Gays. Leo dunia inavijua kama Q-tips, na boksi lenyewe linaonya usiviingize ndani ya njia ya sikio. Onyo halisomwi. Watafiti wa Marekani waliohesabu majeraha ya kati ya 1990 na 2010 walipata watoto wapatao 263,000 waliotibiwa katika vyumba vya dharura kwa kuumizwa na vijiti vya pamba, sawa na watoto 34 kila siku. Wengi wao, karibu watatu katika kila wanne, waliumia wakati wa kusafishwa masikio. Hao ni watoto wenye hospitali karibu, na wenye pamba iliyotoka kiwandani. Wa njiti ya kiberiti na spoki ya baiskeli sijui nani anawahesabu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vijiti vyenye mpini wa plastiki mwaka 2021, na sababu ilikuwa huruma kwa bahari na samaki wake. Masikio hayakuwa na mtetezi.

Sisemi nta haiwezi kumsumbua mtu. Wazee, wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, na wenye njia nyembamba ya sikio huziba bila kosa lao. Dalili ni sikio kujaa, kuvuma, au kusikia kupungua polepole. Mtu wa namna hiyo, akiwa hana tundu kwenye kiwambo na sikio halitoi usaha, anaweza kudondosha matone machache ya mafuta ya zeituni au dawa ya kulainisha nta kwa siku kadhaa, nta ikalegea na kutoka yenyewe. Isipotoka, aende kituoni akasafishwe kwa maji yenye joto la mwili. Maji baridi sikioni huifanya dunia izunguke hata kwa aliyeketi. Na yule anayeuza mishumaa ya kuwasha sikioni ili "ivute uchafu" anauza moto karibu na nywele zako. Mabaki unayoonyeshwa mwishoni ni ya mshumaa wenyewe.

Mambo mawili ya dharura kila mama wa kijijini anayajua kwa tabu. Mdudu akiingia sikioni usiku, usimfuate kwa kibanio. Kama sikio halina tundu, matone ya mafuta ya kula yaliyo vuguvugu humuua na kukupa utulivu hadi asubuhi uende akatolewe. Mtoto akijitia punje ya mahindi au haragwe sikioni, na msimu wa kupukuchua hili si jambo geni, usimwagie maji: punje hunywa maji, hufura, na kitu kilichoingia kwa mchezo hutoka kwa machozi. Kuna na la tatu: betri ile ndogo ya duara ya saa au mdoli haisubiri hata asubuhi. Huunguza nyama kwa saa chache.

Nilipokuwa nikifikiria haya niliwakumbuka wazee wa Kikuria wa zamani. Walitoga masikio, wakazitanua ndewe mpaka zikaning'inia, na bado utakutana na mzee mmojammoja mwenye ndewe zilizolegea hivyo. Sikio lilipambwa, likaonwa, likaheshimiwa, na urembo wote huo ulikaa nje. Ningependa turudi kwenye mgawanyo huo wa kazi. Nje ya sikio ni mali yako: lioshe, lipake mafuta, litundike hereni. Tundu liachie lenyewe.

Sasa nirudi kwa mtoto wa benchini, maana kwake kanuni inageuka.

Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili kupitia tundu kwenye kiwambo haliko kwenye msafara wa kujisafisha. Ni jeraha. Mara nyingi huanza na mafua ya kawaida: sikio la kati linajaa maji, bakteria wanaingia, mtoto analia usiku, kisha asubuhi usaha unatoka na maumivu yanapoa. Kupoa huko ndiko kunakotudanganya. Kiwambo kimepasuka, na kisipopona, maji ya kuogea na ya mtoni yatakuwa yakiingiza wadudu wapya kila siku. Kwa miaka tundu hilo hupanuka na kula vifupa vidogo vinavyobeba sauti. Mara chache, ila si mara chache vya kutosha, usaha huingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, au huvuka hadi kwenye ubongo ukaleta jipu au homa ya uti wa mgongo. Yule anayesubiri "akikua itakauka" anacheza bahati nasibu kwa kichwa cha mwanawe.

Kabla ya yote hayo, kuna hasara inayotokea kila siku darasani bila kelele. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Tukisema mtoto "hasikii", huenda tunamaanisha masikio yake, na huenda tunamaanisha ni mkaidi. Mara nyingi mwalimu na mzazi huchagua maana ya pili, kwa sababu ndiyo yenye dawa iliyo karibu, fimbo au kelele. Hebu mfikirie mtoto aliyeketi nyuma, kiwambo kina tundu, mvua inapiga mabati, na mwalimu anaita hesabu ya kichwani: sita jumlisha tisa. Maneno hayo mawili yana irabu zilezile. Kinachoyatofautisha ni "s" na "t", na hizo ni sauti hafifu ambazo sikio bovu huzipoteza mapema. Anasikia tu "i-a" na "i-a". Anakisia, anakosea, anachekwa. Baada ya muhula mmoja anaacha kunyoosha mkono, na kwenye ripoti anaandikiwa hana bidii.

Kwa watoto kama hao tuna methali inayotolewa bila kufikiri: sikio la kufa halisikii dawa. Methali inazungumzia ukaidi, naiheshimu. Ikichukuliwa neno kwa neno, utafiti uliofanywa hapahapa Kenya unaipinga. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 524 wa shule za msingi wilayani Kiambu, wote wakiwa na masikio yanayotoa usaha. Kundi la kwanza walikaushwa masikio tu. La pili walikaushwa na kupewa dawa. La tatu hawakutibiwa kwa kipindi hicho. Baada ya wiki nane, usaha ulikuwa umekauka kwa asilimia 51 ya waliokaushwa na kupewa dawa. Waliokaushwa tu walikuwa asilimia 22, na wale ambao hawakutibiwa nao walikuwa asilimia 22 ileile.

Tuzitazame namba hizo vizuri. Kukausha bila dawa hakukuzidi kungoja. Ila tukisema kungoja kunatosha, tunawatupa zaidi ya nusu ya wale ambao dawa ingewakausha.

Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ndio unaonipa matumaini zaidi, kwa sababu ya mikono iliyofanya kazi. Watafiti walipima wanafunzi 39,841, wakapata 427 kutoka shule 141 wa kuwatibu. Wengine walipewa matone ya antibayotiki ya ciprofloxacin, wengine matone ya asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti. Baada ya wiki mbili, masikio yalikuwa yamekauka kwa asilimia 59 ya kundi la kwanza na asilimia 32 ya kundi la pili. Na waliokuwa wakitibu mara mbili kwa siku, shuleni, walikuwa wanafunzi wenzao. Mtoto akimtibu mtoto. Kazi ambayo watu wazima tumeikabidhi kwa wakati, wanafunzi wa msingi waliifanya baada ya kuelekezwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini isiyochanika upesi, unakisokota kiwe utambi mwembamba. Hakuna kijiti ndani yake. Unakiingiza taratibu kwenye mlango wa sikio, unakiacha kinyonye usaha, unakitoa, unakitupa, unaweka kingine, mpaka utambi utoke mkavu. Ndipo matone yaliyoandikwa na mhudumu wa afya yanapodondoshwa, kwa kuwa dawa iliyomwagwa juu ya usaha haifiki inakotakiwa. Nyumbani hufanywa mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Baada ya hapo sikio huachwa wazi. Pamba ile iliyokaa sikioni mwa mtoto wa kibarazani ilikuwa ikifungia unyevu na joto ndani, ikiwafuga bakteria. Maziwa ya mama, samli, mafuta ya taa na maji ya majani hayamwagwi. Wala matone ya jirani hayaazimwi, maana baadhi ya dawa za masikio zikipita kwenye tundu la kiwambo huweza kuua usikivu kabisa.

Kinga ya ugonjwa huu imo katika mambo ambayo tayari tunayo. Chanjo ya nimonia, iliyoingizwa katika chanjo za watoto Kenya mwaka 2011, hupambana na bakteria mmoja mkuu wa magonjwa ya masikio. Ile ya surua nayo husaidia. Mtoto anyonyeshwe, na akilishwa kwa chupa asilishwe akiwa amelala chali, maana maziwa na wadudu hupanda kutoka kooni hadi sikio la kati. Moshi wa jikoni na wa sigara upunguzwe alipo. Na asipigwe kofi la sikio. Kofi hupasua kiwambo sawasawa na kijiti.

Watu wazima nao tusijisahau kwa upande wa kelele. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza kwa saa 40 kwa wiki, ila ikifika desibeli 90 saa salama hushuka hadi nne. Anayesaga unga kwenye kinu cha dizeli, anayesagisha mawe ya dhahabu kule Macalder, na anayelala na vipokea sauti masikioni wako kwenye hesabu hiyohiyo. Pamba haiwakingi. Huzuia kelele kidogo mno.

Najua jibu nitakalopewa: mwandishi wa mjini anamwambia mama wa Ntimaru aende kwa daktari wa masikio, kana kwamba yupo mtaa wa pili. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo ni wachache barani mwetu, na hawatafika kila tarafa mwaka huu wala ujao. Ndiyo maana simdai bingwa. Kukausha sikio na kutoa matone ni kazi ya muuguzi au tabibu wa kituo cha kawaida. Chuo cha Mafunzo ya Kitabibu cha Kenya, KMTC, kinawaandaa matabibu waliobobea katika masikio, pua na koo, na hao ndio wa kupelekewa magumu. Kufikia mwishoni mwa 2023 nchi ilikuwa imeandaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaoingia nyumba kwa nyumba, na swali moja la nyongeza, "kuna mtoto anayetoa usaha sikioni?", haliwaongezei mzigo begani. Shule zinaweza kufanya ukaguzi mpya wa gwarideni: mwalimu asiitafute nta, atafute usaha na harufu, kisha amhamishie mtoto dawati la mbele siku hiyohiyo. Na kwa kuwa huduma za afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, Migori ndiyo itakayoamua kama chupa ya matone itakuwa kwenye rafu au haitakuwa. Siku ya Kusikia Duniani huadhimishwa Machi 3 kila mwaka. Sitapenda kuona fulana na hotuba siku hiyo ikiwa rafu ni tupu.

Mvua ilipokata kabisa, nilimweleza mama yule kadiri nilivyojua: kwamba pamba aitoe, kwamba hospitali ya Ntimaru haiko mbali, kwamba aseme waziwazi usaha umetoka kwa miaka na si kwa siku. Alinisikiliza, kisha akainama, akaichomoa ile pamba kwa vidole viwili na kuifunga kwenye ncha ya leso. Mtoto alikunja uso, akageuka kutazama pikipiki iliyokuwa ikiwashwa upande ule wa kushoto, kana kwamba ndiyo kwanza imefika.

"Nitampeleka," alisema mama. "Lakini nikifika, dawa itakuwepo?"

Sikuweza kumjibu. Nimeliandika swali lake hapa ili walisome wanaoweza.